Hodi Jichoni

Macho hayana pazia, twasema.
Ya Wietske Hoogland yalikuwa nalo:
kila alfajiri ukungu, wala si wa mfereji,
wa ndani, uliojaa usiku kope zilipofungwa,
ukapungua kidogo kidogo hadi saa tisa alasiri.
Miaka thelathini na moja ameinua daraja kule Friesland,
akiteremsha kiatu cha mti kwa ufito
wenye mashua watie ushuru.
Sasa taa moja anaiona mbili,
na juzi kiatu kilimgonga mtu utosini.

Ni urithi. Mamake naye,
ila yeye walimng'oa dirisha zima,
wakashona jipya kwa nyuzi kumi na sita,
akangoja mwaka, akikatazwa hata kuinama avae soksi.

"Siku hizi," asema Daktari Baukje Terpstra,
"hatubomoi nyumba kwa unyevu wa ukuta.
Tunabandua ngozi ya ndani, basi."

Utando mpya ni wa mtu aliyefariki Alhamisi.
Jina halitajwi. Mzee, hilo wamemwambia,
na ni bahati: wa kijana hukaidi,
hujibana kama msokoto wa sigara;
wa mzee hujua kulegea.
Wembamba wake usiulize.
Wameutia buluu upate kuonekana,
na herufi F mgongoni:
ikisomeka kinyume, umelala kifudifudi.

Uliingia na maji kupitia tundu dogo,
ukajikunja.
Hapo daktari haugusi.
Hugonga nje, juu ya jicho, kwa bomba butu,
kama mgeni asiye na hakika na nyumba:
hodi.
Kimya.
Hodi.
Dakika ya kumi na saba ncha moja ikafunguka,
kisha ya pili. F ikasimama sawa.
Kiputo cha hewa kikapita chini yake,
kikauinua, kikaushikilia pale
bila uzi, bila gundi.

Siku mbili chali. Supu kwa mrija.
Kiputo kiliponywea aliona mstari wa maji ukichezacheza,
akaupima kwa mazoea:
leo mashua ndogo tu zitapita.

Asubuhi ya tisa ukungu haukuja.
Alitoka darajani na vazi la kulalia,
akakitazama chuma kwa muda mrefu,
kisha akauliza, kwa hasira, ni nani
aliyeacha rangi ibabuke hivi.