Mshtuko wa Mabehewa

Mwalimu Nyamizi alifunga kamba ya katani
kwenye nondo ya dirisha la darasa,
akaitikisa mara moja, juu, chini.
Nundu ikakimbia hadi dirishani, ikarudi imepinduka.
"Uzi huu mwekundu niliofunga katikati, umekwenda wapi?"
Haukwenda. Ulipanda, ukashuka,
ukabaki palepale, kama mtu aliyeinuka kupisha wageni.

Aina ya pili niliijua kabla ya shule.
Baba aliunga mabehewa stesheni ya Tabora.
Usiku, kichwa cha treni kikirudi nyuma,
tulisikia vitandani: ko, ko, ko, ko,
behewa likimsukuma jirani, jirani akimpa jirani,
mpaka la mkiani, kule kwenye ghala la tumbaku,
linapoguna.
Kila moja limesogea shubiri tu,
likifuata njia ileile ya mshtuko.
Sauti nayo ndivyo isafirivyo:
hewa hubanana, huachana, hubanana.

Mtihani ukauliza: wimbi husafirisha nini?
Nikaandika: nishati. Maada hubaki.
Alama mbili.

Baba hakuwahi kufika Kigoma.
Miaka thelathini na moja, grisi kwenye kucha,
alifunga, akafungua, akarudi nyumbani Ng'ambo
kula ugali uliopoa.
Hata pasi ya bure ya familia iliisha muda
ndani ya kopo la chai.

Juzi nimeshuka mimi, mwisho wa reli.
Ziwa lile mbele yangu, sijalitazama bado,
mabehewa yakagongana nyuma: ko, ko, ko.
Nikageuka upesi
kama mtu aliyeitwa kwa jina la nyumbani.