Maji ya Mwalimu Chaula

Hapakuwa na waya shuleni Bulongwa mwaka ule,
wala balbu.
Mwalimu Chaula alitutoa nje, kwenye ukungu,
hadi vinyungu vya kina Tweve. Akapiga jembe moja,
maji yakageukia kwenye kabichi.
"Umeme ndio huu," akasema. "Mteremko ni volti.
Mfereji ukiwa mwembamba, huo ni ukinzani."
Tukaandika, vidole vimekufa ganzi.

Ahazi peke yake akanyoosha mkono:
"Na waya ukikatika, mwalimu,
umeme utamwagika chini?"

Tulicheka. Mwalimu hakucheka.
Alisimama na jembe lake
kama mtu aliyeazima koti, mikono ikaishia viwikoni.
"Hapo," akasema, "maji yananiacha."

Leo nina ngazi, koleo, glavu za mpira.
Usiku, chumbani kwangu Njombe, nazungusha nyumba ya mteja kichwani,
naigeuza kama kiazi kinachomenywa,
nione waya utapita wapi nyuma ya dari.
Na kila waya, nikifumba macho,
una tope kingoni,
una vyura.

Nikikuta waya uliokatwa, unaning'inia ukutani,
nauinamia kidogo. Nasikiliza.
Najua hakuna kinachodondoka.
Nimefaulu mtihani, cheti ninacho, najua.

Ila mguu wangu wa kushoto
huipapasa sakafu kwanza,
kama pamelowa.