Hesabu ya Nane

Ukumbi wa parokia, Mumias, Jumanne jioni.
Nimechora nyayo sakafuni kwa chaki,
nimezifuta kwa soli ya raba,
nimezichora tena.
Nani alinituma kupanga miguu ya watu,
mimi niliyeiacha isukuti ya harusi ya dada yangu
katikati, nikajificha jikoni?

Saba ninayo. Nane sina.

Nikafungua mdomo: basi, acheni, nimekosea —
mvua ikavamia mabati,
ikaimeza sauti yangu pamoja na redio.
Hawakusikia.
Khavere akainua bega,
Ayuma akalipokea,
na Lusweti, mzito kama gunia la sukari,
akaruka

nane

akatua juu ya chaki.

Sikufuta.
Nikavua raba.