Kumwaga Unga, Kilo Mbili

Nilikuwa na miaka sita, nyumba nambari kumi na nne,
kambi ya reli, Tororo,
niliposikia jirani akimwambia mwenzake dirishani:
"Mzee Oboth kamwaga unga."
Nikachukua ufagio.
Nikatafuta jikoni, chini ya meza, nyuma ya debe,
nikatafuta hadi kwenye kizingiti, ambako vumbi la saruji
lilikuwa jeupe, likanidanganya.
Nikalifagia lote, nikalizoa kwenye bakuli,
nikampelekea baba: "Huu hapa."
Baba alikuwa ameshika tama.
Na hilo nalo niliona shavu tu, na kiganja.

Kiswahili hakikuwa cha mama.
Mama alitukemea kwa Dhopadhola, akatubembeleza kwa hiyo hiyo.
Kiswahili kilikuja na mabehewa,
kikashuka na makuli, na mafundi wa Nakuru,
kikakaa kwetu kama mgeni asiyefungua mizigo yake yote:
ulipewa neno,
kilichomo ndani ukangoja.

Sasa nina studio, mlango mmoja, karibu na stendi.
Picha za pasipoti, za kitambulisho, za maharusi wenye haraka.
Simu zimenila wateja.
Siku wasipokuja, napiga picha maneno.
Yenyewe, jinsi yalivyo, bila kuyauliza maana.

Nyadoi muuza samaki alikubali
kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.
Yaliteleza yote sakafuni, hakubaki na tone.
"Kumbe," akasema, akinawa mikono ambayo haikuwa na kitu.
Omalla fundi baiskeli aliupiga moyo konde,
moyo wa ng'ombe, wa buchani,
mpaka ukaruka mezani. Jioni tuliula.
Birika nililivisha saa kwenye mkono wake;
mwenye nyumba aliitazama ile picha,
akaitazama tena,
akasema inamfanana na mtu fulani wa Mbale.

Mwalimu Ochwo akaniletea ya Kiingereza,
ile mvua ya paka na mbwa.
Nikapanda paani na paka wawili kikapuni.
Mbwa aliikataa ngazi.
Basi kwangu ikatoka manyunyu tu.

Yapo yasiyopigika.
Kuaga dunia: nilimsimamisha kijana na sanduku,
akaupungia mkono Mwamba wa Tororo.
Alionekana msafiri, anakwenda Soroti kwa shangazi.
Nikaifuta.

Baba nilimpiga akila chumvi nyingi,
kijiko baada ya kijiko, ametoa macho.
Ilikuwa sukari. Daktari amemkataza chumvi.
Alicheka mpaka akakohoa, akafuta mdomo, akasema:
"Kuna moja hujaniomba."

Unga alinunua mwenyewe.
Akavaa kofia ya kazi, ile iliyopoteza nembo,
tukaenda relini, pale nyasi zimefunika mataruma
na mbuzi wa watu wanalala katikati ya njia
bila kutega sikio.
Akafungua mfuko kwa meno.
Hakumwaga.
"Unajua," akasema, "mimi sikuumwaga.
Walinishika mkono, wakaumwaga.
Halafu nyumba kwa nyumba nikasikia ni mimi."

Nikasema, "Baba, tunaweza kurudi."
Akasema, "Washa mashine yako."

Akamwaga taratibu, kama anayepanda mbegu,
hatua tatu, nne, mpaka kwenye makutano ya njia.
Mama mmoja akapiga kelele kutoka kambini:
"Unga huo! Mzee, unga huo!"
Kuku wakamsikia kabla yetu.

Kamera ilikuwa shingoni.
Macho yangu yalikuwa yanatafuta ufagio.

Picha niliyo nayo ni ya baadaye kidogo:
kuku saba, reli mbili,
na mkono wa mzee, mweupe hadi kiwiko,
unakung'uta mfuko mtupu
kuhakikisha.