Fomu Yenye Safu Tano

Jumanne, saa kumi jioni, ukumbi wa michezo, Hokitika.
Nimetandaza mahema yote sakafuni
juu ya mistari ya mpira wa pete.
Nahesabu vigingi: arubaini na saba.
Vinatakiwa arubaini na vinane.
Nahesabu tena. Arubaini na saba.

Nje mvua inanyesha kama jana,
kwa kiburi cha mwenye nyumba.

Fomu iko juu ya kiti, ina safu tano:
Hatari. Chanzo. Uwezekano. Athari. Hatua.
Nimeandika usubi. Nimeandika kuteleza.
Nimeandika: Keziah, mzio wa nyigu, sindano mbili,
moja kwangu, moja kwake,
na asije akaniambia ameisahau kitandani.
Nimeandika mto,
na kalamu ikagoma hapo
kama punda aliyeona daraja bovu.

Ijumaa tulipima mizigo
kwa mizani ya samaki tuliyoazima bandarini.
Fergus, kilo kumi na tisa:
spika, sufuria ya chuma, viatu vya pili, "vya jioni."
Jioni gani, mwanangu?
Kule jioni ni kikombe cha supu
na kukamua soksi.
Rongomai, kilo nne. Nikamwita kando.
Koti la mvua wanavaa kwa zamu, yeye na dada yake,
na zamu hii dada yuko nalo Christchurch.
Nikafungua kabati la shule, nikampa la kijani,
nikamwonyesha zipu inavyokwama na inavyokwamuliwa.
Jina lake sikuliandika daftarini.

Nawafundisha: pamba ikilowa inakukana,
sufu hata ikilowa haikusahau.
Nawafundisha kuchimba choo,
hatua sabini kutoka majini, na kufukia.
Wanaziba pua, wanasukumana, wanacheka.
Mchama ago hanyele, huenda akauya papo,
na sisi tutauya, Alhamisi, njia ileile.

Saa kumi na moja mlango unabamiza ukuta.
Dougal Meikle, baba yake Merenia,
kamba begani, maji yanamchuruzika kofiani.
Amekuja kujitolea.
Miaka ishirini na minne iliyopita
alikuwa mvulana wa safu ya nyuma, mwenye magoti makubwa.

"Ulitugeuza," anasema, hata salamu hajatoa.
"Kibanda tulikuwa tunakiona.
Moshi wake tulikuwa tunaunusa."

Nakumbuka. Maji yalikuwa magotini,
rangi ya chai ya maziwa,
na chini yake mawe yalikuwa yakigongana,
sauti ya meno ya mtu anayeota vibaya.
Nikasema: tunarudi.
Watoto kumi na wanane walinichukia kilomita tisa,
hadi barabarani.
Yeye alilia. Nilijifanya sioni; mvua ilinisaidia.

Na usiku ule mto haukufanya lolote.
Haukupanda hata shubiri.
Asubuhi, waliniambia, ulikuwa mpole kama maji ya beseni.
Hilo sijawahi kuliandika popote:
kwamba huenda nilikosea,
na kwamba kesho, magoti yaleyale, meno yaleyale,
nitakosea tena vilevile.

"Bado nina hasira kidogo," anasema Dougal.
Anaitua kamba juu ya meza, anaikagua fundo kwa fundo
kwa vidole vya mtu aliyevuta nyavu,
kisha anainama kusoma fomu yangu,
anafika kwenye mto, anaona nafasi tupu.

"Hapa hujajaza."

"Sijui niandike nini."

Anakuna shingo. Maji yanadondokea karatasi,
neno Athari linavimba.
"Andika: mwalimu atageuza."

Naandika.
Yeye anatia sahihi ya mzazi, polepole,
kama mtu anayelipa deni asilokubali kuwa analo.

Kisha anapiga magoti kati ya mahema,
anahesabu vigingi kwa sauti.
Arubaini na saba.
"Kimoja tutachonga," anasema,
na hatuondoki, tunasikiliza paa.