Orodha ya Machi

Orodha ilikuja Januari, kurasa mbili.
Niliibandika kwenye friji kwa sumaku ya umbo la tufaha
niliyopewa na kampuni badala ya bonasi.
Daftari saba: za miraba, si za mistari,
miraba midogo, si mikubwa,
jalada la hisabati bluu, la sayansi kijani,
la dini jeupe. Jeupe!
mikononi mwa mtoto wa miaka minane.
Gundi ya kijiti, kubwa, na chapa imetajwa.
Mkasi wa ncha butu.
Karatasi za chooni, roli nne.
Hapo nilirudi juu nikasoma upya,
nikidhani nimechanganya na orodha yangu ya duka.

Mimi hupanga matufaha, hapa Curicó.
Zamu ya usiku, taa nyeupe, maji ya barafu,
mkanda unakwenda nawe unakwenda nao.
Malipo ya sanduku moja hayanunui kifutio,
basi nimejifunza kuhesabu upya:
viatu vyeusi, masanduku mia mbili na kumi;
sketi, mia moja na tisini;
nembo ya sketi, kitambaa cha ukubwa wa biskuti,
thelathini na tano.
Niliuliza kama naweza kuidarizi mwenyewe.
Muuzaji alicheka, kwa adabu.

Jumamosi tulishuka mjini, jua la kukaanga yai.
Dukani watu wamefurika utadhani vitu vinagawiwa,
na cha bure kilikuwa kimoja tu, kusukumwa.
Mimi na mama mmoja tulishika daftari lilelile,
miraba midogo, la mwisho kwenye rafu,
kila mtu na upande wake.
Tukatazamana.
Naye orodha yake ilikuwa imekunjwa mara nne,
imelowa jasho la kiganja.
Sikuachia. Nasema kweli, sikuachia.
Mpaka leo nikimwona sokoni nakata kona.

Millaray akajaribu viatu, vikamkaa sawasawa.
"Vinakubana," nikasema.
"Havinibani."
"Vitakubana," nikamwambia, nikachukua namba mbili juu.
Akatembea navyo hadi kwenye kioo
kama mtu anayevuka tope.

Nyumbani nikafungua mfuko wa Desemba,
ule aliorudi nao siku ya kufunga shule,
ambao sikuwa na nguvu ya kuutazama.
Udongo wa kufinyanga, rangi kumi na mbili: haujafunguliwa.
Karatasi za kung'aa, pakiti tatu: hazijafunguliwa.
Brashi namba sita, namba kumi, bado na vifuniko vyake.
Mwaka mzima vilikaa kabatini kama wageni wasiokaribishwa.
Na mezani, kando ya mkate,
udongo mwingine, pacha wake, wa asubuhi ileile,
na risiti yenye muhuri:
bidhaa za msimu hazirudishwi.
Nilianza kucheka. Kaka yake, Eliseo,
akatoka chumbani kuja kuona nini kimevunjika.

Ilibaki metalofoni, vibao ishirini na tano.
Bei yake sikuigeuza masanduku.
Kuna hesabu ambazo mtu huziacha zipite mlangoni.
Bi Clorinda wa ghorofa ya pili
alinipa ya mjukuu wake, imefungwa ndani ya foronya,
kibao cha fa hakipo.

Sasa Millaray hupiga jioni, kabla sijatoka kwenda zamu.
Akifika kwenye fa anainua kijiti, anavuka,
kama mtu anayeruka kipandio anachokijua ni kibovu,
anaendelea na sol.
Mwalimu hajasema kitu.
Mimi bado nalipa: awamu sita,
ya mwisho Agosti,
wakati penseli zote zitakuwa fupi kuliko kidole
na viatu, Mungu akipenda,
vitakuwa ndiyo kwanza vimemtosha.