Ndoo ya Mjomba Vendel

Ndoo ni ile ile ya bati, yenye kovu karibu na mpini.
Aliishika akiwa na miaka tisa, Aprili, theluji imekwisha kuyeyuka,
wavulana watatu na mbwa mmoja kwenye uwanda wa Nagyhalom:
huyu achota, huyu amimina shimoni,
wa tatu angoja na gunia mdomoni mwa tundu.
Kindi wa ardhini alitoka akikohoa maji.
Siku zile kila mkia ulikuwa na bei yake.
“Nilinunua viatu kwa mikia,” huniambia,
“na viatu vyenyewe vikanibana.”

Mimi kazi yangu ni mavi.
Nalitaja hivyo hivyo; maneno ya adabu hayanuki.
Naokota punje kavu kando ya mashimo,
naziloweka, nazitandaza chini ya hadubini,
na humo nasoma chakula cha jana:
klova, mchunga wa ua la njano,
nyasi nyembamba kama uzi wa fundi viatu,
mbegu zilizosagwa nusu,
halafu, ghafla, paja la panzi,
na kipande cha bawa la mbawakavu kinachong'aa kijani
kama kigae cha chupa.

Hana ghala huyu.
Atalala nusu mwaka chini ya udongo ulioganda
na hatabeba hata punje moja.
Akiba yake ameivaa.
Kwa hiyo anakula kama mdaiwa,
amesimama wima, mikono kifuani, anatafuna,
jicho moja kwenye jani, jingine kwa kozi.

Nasi tuliompenda tukamjengea uzio.
Tukapigilia kibao, tukawaondoa kondoo,
tukasema: haya, pumzikeni.
Nyasi zikapanda hadi gotini, hadi kiunoni,
nzuri kwa picha.
Mwaka wa kwanza nilihesabu mashimo sitini.
Wa pili, kumi na manne.
Wa tatu nilitembea asubuhi nzima
bila kusikia mluzi hata mmoja.

Mjomba alikuja, akaegemea uzio, akacheka kwa pua.
“Mtu mfupi umempandia ukuta mbele ya macho,
kisha unauliza amehamia wapi?
Leteni midomo ya kondoo.”
Nilikuwa na shahada mbili. Nikaenda kukodi kondoo.

Waliobaki walikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege,
ule wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani,
kwa kuwa huko nyasi hufyekwa kila wiki
bila mtu kuwafikiria kindi.
Sasa walitaka kuumwagia lami.
Tulipewa siku tano.

Mjomba Vendel akaja na ndoo.
Miaka sitini na nane baadaye, mkono unatetemeka,
maji yanamwagikia kiatuni.
“Polepole, Boróka. Usimzamishe. Mbishie hodi tu.”
Akatoka, amelowa, ana hasira, mzito kama mkate mdogo.
Mjomba alimshika kwa shuka kuukuu la marehemu shangazi,
akamfuta mgongo, sikio, sikio la pili,
na hakusema kitu, naye ni mtu wa maneno.

Arobaini na mmoja tuliwahamisha.
Tuliwatobolea mashimo ya mshazari
kwenye malisho yaliyonyolewa na kondoo,
tukaziba kila mlango kwa kishungi cha nyasi
ili atakayetoka atoke kwa hiari yake.
Siku ya pili kozi alichukua mmoja mbele yetu.
“Naye ana watoto,” mjomba akasema, lakini alikaa chini.

Agosti wakazama wote ardhini.
Nikabaki na uwanda mtupu, na kondoo,
na barua za wafadhili wanaotaka hesabu.

Aprili mlango ukabishwa kabla ya chai.
Mjomba, tope hadi magotini,
kiganjani kisanduku cha kiberiti.
Nikakifungua: punje tatu, bado mbichi.
Akavua kofia, akavuta kiti karibu na hadubini.
“Haya,” akasema, “niambie wamekula nini.”